Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Chuo kikuu kitafutapo profesa hueleza katika tangazo lake kile kinachokithamini na, pasipo kukusudia, hufichua kile kisichokishughulisha. Matangazo ya miaka hii yanayotafuta maprofesa wa maradhi ya kinga ya mwili, na hasa wa ile elimu mpya ya kuotesha viungo vidogo vya binadamu ndani ya maabara, yamefanana kama shilingi kwa ya pili. Mwombaji awe ameandika makala mengi katika majarida makubwa. Awe amekwisha kupata fedha za utafiti kwa jina lake mwenyewe. Awe ameongoza maabara na kulea wanafunzi wa udaktari wa falsafa. Awe na nguvu ya kuvuta fedha nyingine. Hutajwa mshahara, hutajwa mitambo, hutajwa uzuri wa mji na shule za watoto. Mgonjwa hatajwi, isipokuwa kama mahali pa kupatia sampuli. Haijulikani ni nani, anakaa wapi, wala profesa atasema naye kwa lugha gani.

Ukimya huo waweza kusamehewa katika miji ya Ulaya, ambako mgonjwa na profesa hupanda basi moja. Hausameheki Kagera. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeamua kujenga tawi karibu na mji wa Bukoba, katika mradi ujulikanao kwa jina la HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliogawiwa vyuo vingi vya nchi. Tawi jipya, popote lijengwapo, huvutwa kuelekea masomo yanayotaka ubao na kalamu tu, maana ni rahisi kuyaanzisha na wanafunzi wake hujaa upesi. Makala haya yanapinga mvuto huo. Kigoda cha elimu ya viungo vya maabarani na maradhi ya kinga kinastahili kuwekwa Bukoba, na mkono wake ufike Muleba. Na kamati itakayomchagua wa kukikalia iache mizani iliyozoeleka, kwa kuwa mizani hiyo ikitumika atapatikana mtu mwenye sifa zote ila ile inayotakiwa.

Neno kigoda limetumika makusudi. Tangu 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na watu wamelizoea. Kigoda huwekwa mahali watu wanapokiona na kumwona aliyekikalia. Ofisi yenye kufuli ni kitu kingine.

Watakaosema kwamba shauri hili ni ndoto ni wengi, na wana haki ya kujibiwa. Lakini kwanza kitu chenyewe kifahamike.

Mwaka 2009 Toshiro Sato na Hans Clevers, katika mji wa Utrecht nchini Uholanzi, walionyesha kwamba seli shina moja iliyotwaliwa katika utumbo wa panya, ikilazwa ndani ya ute mzito na kulishwa vitu vinavyoiamuru ikue, hujigawa na kujipanga hata ikafanya umbo dogo lenye kuta na vishimo mfano wa utumbo wenyewe. Umbo hilo ni dogo mno, la kutazamwa kwa darubini. Muda si muda jambo hilo likafanyika kwa utumbo wa binadamu, kwa ini na kwa mapafu. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na wenzake wa Vienna wakaotesha vipande vinavyofanana na ubongo wa mimba changa. Kitu hicho hapa kitaitwa oganoidi, kwa tamko la Kiswahili, mpaka wenye lugha wapate jina bora. Faida yake imekwisha kuonekana. Huko Uholanzi huchukuliwa kipande kidogo cha utumbo wa mgonjwa mwenye maradhi ya kurithi yanayojaza kamasi nzito mapafuni. Huoteshwa oganoidi, nayo hutiwa dawa. Ikivimba, ni dalili kwamba dawa hiyo itamfaa yule mwenye utumbo. Dawa hujaribiwa nje ya mwili kabla ya kumezwa, na kwa mwili wa mtu huyo mmoja, si kwa wastani wa watu elfu.

Oganoidi peke yake haina damu wala askari wa mwili. Kwa hiyo wataalamu wameanza kuiotesha pamoja na seli za kinga, wapate kuona namna mwili unavyopigana na adui, na namna unavyojipiga wenyewe kwa makosa. Hapo ndipo Kagera inapoingia, na haiingii kwa kuomba nafasi. Imekwisha kujulikana kwamba virusi vya UKIMWI, katika majuma ya kwanza ya kuingia mwilini, huangamiza seli za kinga kwa wingi mno katika utumbo kuliko katika damu inayopimwa. Nao waganga wa Uganda, David Serwadda na wenzake, walipoueleza ugonjwa huu katika jarida la Lancet mwaka 1985 kwa kuwatazama wagonjwa wa Rakai, wilaya inayopakana na Kagera, waliuita kwa jina walilolitumia wanavijiji, lenye maana ya kukonda. Walieleza kuharisha kusikokoma na mwili kwisha. Basi utumbo na kinga, mambo mawili ambayo matangazo ya maprofesa huyaunganisha kwa maneno ya fahari, yaliunganishwa na maradhi yenyewe katika miili ya watu wa pande hizi kabla ya oganoidi ya kwanza kuoteshwa.

Historia ya miili hiyo yafaa ikumbukwe kwa hesabu zake. Mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage iliyoko Kamachumu, wilayani Muleba, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Watu wa mkoa, kwa kuwa hawakuwa na jina la ugonjwa, waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani kwa magendo na kupendwa na vijana. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umetoa taarifa ya wagonjwa wake. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walipima damu za watu wazima mkoani: mjini Bukoba watu 24.2 katika kila 100 walikuwa na virusi, katika vijiji vya Bukoba na Muleba, 10, Karagwe, 4.5, Biharamulo na Ngara hawakufika hata 1. Kila tarakimu katika hizo ni mkono ulionyoshwa kuchomwa sindano wakati ambapo hapakuwa na dawa ya kumpa mwenye mkono, wala faraja ila neno la pole.

Si haki kusema kwamba watu hao waliibiwa. Japhet Killewo mwaka 1994 na Gideon Kwesigabo mwaka 2001, Watanzania wote wawili, walitunukiwa udaktari wa falsafa Umeå kwa kazi iliyotoka katika uchunguzi huo. Maambukizo yakashuka: mjini Bukoba hadi 18.3 mwaka 1993, na 13.3 mwaka 1996. Muleba kutoka 10 mwaka 1987 hadi 4.3 mwaka 1999. Mwenye kudharau matunda haya hajui kifo kilivyokuwa kikitembea nyumba kwa nyumba katika migomba ya Kamachumu. Lakini na itazamwe hali ya mahali penyewe. Tasnifu ziko Umeå na Dar es Salaam. Makala yako katika majarida ya Kiingereza. Kigoda cha elimu ya kinga hakikuwekwa Bukoba wala Muleba, na kijana wa Kihaya atakaye kusoma maradhi yaliyowamaliza shangazi na wajomba zake hupanda meli kwenda Mwanza, au basi kwenda Moshi na Dar es Salaam, akasome habari za kijiji chake katika kitabu cha mgeni.

Na huu ndio mkoa ambao Watanzania huutania kwa neno nshomile, yaani nimesoma! Umetoa kardinali wa kwanza wa Afrika ya zama hizi, Laurean Rugambwa, aliyevikwa kofia mwaka 1960. Umetoa maprofesa wa kila elimu waliotawanyika duniani. Utani ni mtamu, walakini una uchungu ndani yake: mkoa unaosifiwa kwa kuzaa wasomi umekuwa hauna mahali pa kuwaketisha wanaporudi, isipokuwa sebuleni kwa baba zao wakati wa Krismasi.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda njia nyingine. Serwadda na Nelson Sewankambo wa Makerere, pamoja na wenzao wa Marekani, walianzisha Rakai, mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi ambao haukuondoka. Makao yake yakawa Kalisizo, mji mdogo usioizidi Muleba kwa fahari yoyote. Na mwaka 2007 mradi huo ulikuwa mmoja wa ile iliyothibitisha kwamba tohara hupunguza maambukizo kwa wanaume. Ugonjwa ulikuwa ule ule, ardhi ile ile nyekundu, ndizi zile zile. Tofauti ni kwamba huku wataalamu walikuja wakaenda, na kule walikaa.

Wala haisemeki kwamba Watanzania hawaiwezi elimu ya kinga. Mwaka 2007 Muhimbili, pamoja na wataalamu wa Sweden, ilianza kujaribu chanjo ya UKIMWI kwa kujitolea kwa watu 60 kutoka jeshi la polisi la Dar es Salaam, kazi yenye kutaka uangalifu mkubwa wa maabara. Na Muleba yenyewe, baina ya 2014 na 2016, ilikuwa uwanja wa majaribio ya vyandarua vyenye PBO, kitu cha kuvunja usugu wa mbu. Matokeo yakachangia kubadili ushauri wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Watu wa Muleba wameufundisha ulimwengu namna ya kulala salama.

Kisha ukaja Marburg. Machi 2023 ugonjwa huo ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Watu 9 waliugua, 6 wakafa, 3 wakapona. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Januari 2025 ulizuka tena mkoani, safari hii Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikufa. Kwa nini wale watatu waliishi? Yamkini waliwahi matibabu. Yamkini kinga yao ilifanya jambo ambalo kinga ya wenzao haikulifanya. Swali hilo ni la kinga ya mwili, limezaliwa kilomita chache kutoka mjini Bukoba, nalo linataka mtu anayekaa karibu, mwenye kuaminiwa, awezaye kurudi kwa waliopona mwaka baada ya mwaka. Mtaalamu anayekuja kwa ndege na sanduku la barafu, akaondoka baada ya majuma mawili, hawezi kuwa mtu huyo hata awe hodari namna gani.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya huruma, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Husema: Muleba inahitaji maji, wakunga na dawa za malaria, oganoidi ni anasa ya matajiri. Anayesema hivyo aghalabu hasemi kwa ubaya. Lakini na ikumbukwe hoja hiyo ilikotoka. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipopatikana Ulaya na Marekani, walikuwapo wenye vyeo waliosema kwamba hazifai Afrika. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alidai hadharani kwamba Waafrika wengi hawajui kufuata saa, basi watamezaje vidonge kwa wakati wake. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kutoa dawa hizo, na wazee wa vijijini wasio na saa mkononi wakazimeza kwa adhana, kwa kengele ya kanisa, na kwa jua. Mtu wa Muleba amekwisha kuambiwa mara moja kwamba dawa ya kweli si yake. Asiambiwe mara ya pili, sasa kwa jina la kumhurumia.

Hata hivyo gharama si za kuchezea, na mtetezi wa kigoda hiki akizificha atakuwa mwongo. Ute unaotumika kulaza seli, uuzwao kwa jina la Matrigel, hutokana na uvimbe wa panya, na ni ghali. Seli hutunzwa ndani ya naitrojeni ya majimaji, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri; naitrojeni hiyo hupotea hewani kidogo kidogo, na isipoongezwa kazi ya miaka huoza kwa juma. Umeme wa Kagera kwa miaka mingi umenunuliwa Uganda, na kukatika kwake kila mwenye friji anakujua. Kituo cha Rusumo chenye megawati 80, ambacho Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi, kimeleta matumaini. Atakayepewa kigoda bila naitrojeni, bila jenereta na bila fundi wa kuitengeneza, atakuwa amepewa cheo cha kuandika kwenye kadi ya arusi. Afadhali kigoda kisiwepo kuliko kiwepo namna hiyo.

Hoja ya pili husema: sampuli zichukuliwe Muleba, zioteshwe Ulaya, matokeo yarudishwe. Njia hiyo ni rahisi, na sheria haiikatazi maadamu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imeridhia na mkataba wa kuhamisha sampuli umetiwa saini. Lakini oganoidi si chupa ya damu ambayo ikipimwa imekwisha. Ni nyama hai. Huongezwa, hugawanywa, hugandishwa, huamshwa. Mwenyewe aweza kuwa amezikwa Kagondo, na kipande chake kikaendelea kukua katika mji ambao hakuusikia. Mwaka 1951, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, seli za mwanamke mweusi, Henrietta Lacks, zilichukuliwa bila ridhaa yake. Zikaoteshwa, zikauzwa dunia nzima, zikatengenezewa dawa na mali, na watoto wake hawakujua lolote kwa zaidi ya miaka 20. Jamaa zake walipata suluhu na kampuni moja kubwa mwaka 2023, miaka 72 baadaye. Yakiwa hayo yaliwezekana katika nchi yenye mahakama kila mtaa na mawakili kila jengo, seuze kwa mkulima wa kahawa wa Izigo ambaye mkataba wa nyama yake umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apimwe.

Hapo ndipo inapofika habari ya lugha, na katika habari hii vyuo vikuu vina hatia kubwa kuliko maabara. Waingereza huuita utafiti wa namna hii kwa neno la wafasiri: kwao, elimu hutafsiriwa kutoka maabara hadi kitandani kwa mgonjwa. Wamechagua neno zuri kuliko walivyojua. Mfasiri hana kazi ikiwa anajua lugha moja tu. Profesa ajuaye lugha ya seli pasipo lugha ya mwenye seli amesimama ukingo mmoja wa ziwa akisifu uzuri wa mtumbwi. Kwa Kiswahili kazi hiyo ingefaa kuitwa uvushi, kwa kuwa lengo lake ni kuvusha kitu kikafike salama. Na mvushi hulipwa akifika ng'ambo.

Watakuja wenye kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Hao na waangalie lililotokea chini ya macho yao. Hapakuwa na jambo gumu kulieleza kuliko upungufu wa kinga mwilini: kitu kisichoonekana, kinachopungua bila maumivu, kinacholeta maradhi mengine badala ya kujionyesha chenyewe. Juliana lilikuwa jina la nguo, halikueleza neno. Wasema Kiswahili hawakungoja ruhusa ya chuo kikuu; likapatikana jina UKIMWI, lililoundwa kwa maneno ya Kiswahili yenyewe, na ndani yake mna nadharia nzima ya ugonjwa. Bibi asiyepata kwenda shule akalitamka akijua kwamba kinachopungua ni kinga. Ni mataifa machache yaliyopata bahati hiyo. Mwingereza wa kawaida akitaja jina la ugonjwa huo kwa lugha yake hutaja herufi tu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo. Kinachokosekana ni profesa anayeona haya kutoyajua.

Fomu za ridhaa, ni kweli, huandikwa kwa Kiswahili. Lakini aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hupewa mtu azigeuze kwa siku moja, naye hugeuza neno kwa neno; kinachotoka ni Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote tangu Kagera hadi Lamu. Mgonjwa huambiwa kwamba seli zake zitahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Matumizi gani? Ya nani? Hadi lini? Haambiwi kwamba kipande hicho kitakuwa hai. Hutia dole gumba, kwa sababu nesi ni mtoto wa jirani na hataki kumtia aibu. Hiyo si ridhaa. Ni adabu ya Mhaya inayotumiwa vibaya. Na pale Kiswahili chenyewe kinapokuwa lugha ya pili ya mzee, Kihaya hakina budi kuwapo chumbani, kwa kinywa cha mtu aliyefunzwa, si cha mjukuu aliyepita njia.

Hoja ya tatu ya wapinzani ni kwamba mtu wa kukikalia kigoda hiki hapatikani. Hapa mizani yenyewe na ipimwe. Kanuni za ajira katika vyuo vikuu vya umma humtaka kijana anayeanza awe na wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, na kupanda kwake ngazi huhesabiwa kwa machapisho. Kipimo hicho kina manufaa yake. Kimewazuia wavivu wengi. Lakini mganga aliyekaa Rubya au Ndolage miaka 15, akiwajua wagonjwa wake kwa majina na ukoo, akiziandika habari zao usiku kwa taa, hana machapisho ya kutosha hata kuitwa kwenye usaili. Na kijana wa Muleba aliyejifunza kuotesha oganoidi katika maabara za Uholanzi akitaka kurudi, huulizwa kwanza ana pointi ngapi, halafu huambiwa hakuna maabara, halafu hulaumiwa kwamba hana uzalendo.

Bukoba haiwezi kushindana kwa mshahara, wala isijaribu. Utrecht yenyewe haikuweza: mwaka 2022 Clevers alikwenda kuongoza utafiti wa kampuni ya dawa ya Roche, Basel. Ilicho nacho Bukoba ni swali ambalo Basel haina, na kumbukumbu za afya za mkoa zilizoanza kabla ya vijana wa leo kuzaliwa. Kwa mtafiti wa kweli hayo ni mali kuliko nyumba yenye bustani. Na mtafiti huyo si lazima awe Mhaya, wala Mtanzania. Awe Mganda, awe Mkongo wa Goma, awe Mswidi. Ubaguzi wa asili hauna nafasi katika jambo hili. Atakiwe kukaa, si kupita. Mkataba wake useme miaka isiyopungua saba, na useme kwamba mwanafunzi wake wa kwanza wa udaktari wa falsafa atatoka katika hospitali za mkoa, afundishwe kazi yote, tangu kukata kipande hadi kuandika makala, hata siku profesa akiondoka maabara isifungwe. Oganoidi zilizooteshwa zihifadhiwe Bukoba, na zile zitakazosafiri zisafiri kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya baraza la kijiji. Yapo mengine ya fedha na vyeo ambayo maofisa wa utumishi wanayajua vema, na makala haya yanawaachia.

Wala asiahidiwe mtu tiba. Huenda miaka kumi ikapita na oganoidi za Bukoba zisitoe dawa hata moja. Utafiti ndivyo ulivyo, na watu wa Kagera, waliongojea dawa kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1983, si watoto wa kudanganywa kwa peremende.

Limebaki swali la usaili. Desturi ni kumweka mwombaji mbele ya meza ndefu jijini, penye maji ya chupa, aonyeshe picha zake kwa Kiingereza kwa dakika 20. Kamati ya kigoda hiki na ipande gari kutoka Bukoba hadi Kamachumu, pamoja na waombaji. Katika ukumbi wa kungojea wa hospitali waketi watu watatu watakaochaguliwa na wenyewe: nesi, mwalimu wa shule ya msingi, na mkulima aliyepimwa damu mwaka 1987 na ambaye yungali hai. Mwombaji awaeleze, kwa Kiswahili, atakata nini katika miili yao, kitakuwa nini baada ya kukatwa, kitakaa wapi, nani aweza kukiuza, na wafanye nini siku watakapotaka kiteketezwe. Wao wamwulize wapendavyo, na karani aandike maswali na majibu, karatasi hiyo iwekwe katika jalada juu ya orodha ya machapisho. Asipopatikana hata mmoja wa kuwaridhisha watu hao watatu, tangazo litolewe upya.